Mozaiki kwa mabaki ya tailizi
Dada uliyeuliza kama mozaiki, yaani hii sanaa ya kubandika vipande vidogo mpaka vitoe picha au pambo, inataka mtaji mkubwa, hapana kabisa. Mimi niko Ilazo hapa Dodoma, nyumba zinajengwa kila kona, mafundi wa tailizi wanatupa vipande kila siku, ukiwaomba vizuri wanakupa hata ndoo nzima bure. Vifunge kwenye taulo kuukuu ndo ugonge na nyundo, na miwani vaa, hilo usidharau maana vinaruka na vinakata kama wembe. Anza na chungu cha maua au ubao mdogo, panga kwanza bila gundi mpaka upende, acha nafasi kama milimita 2 au 3 kati ya kipande na kipande, bandika, subiri masaa 24 ndo upake grauti, ule uji mzito wa saruji wa kujaza nafasi kati ya vipande.

Hapo ndo patamu sasa, ukifuta na sponji yenye unyevu rangi zinaanza kutokea mojamoja. Nina kuku wa bluu nilimtengeneza juu ya sinia la zamani, jicho lake ni kipande cha kikombe cha mama kilichovunjika, mpaka leo nikimwangalia nafurahi. Ila jua letu hili linakausha grauti haraka mno, fanyia kivulini na uchanganye kidogokidogo.