Leaf yangu inanuka kuungua nikichaji: je, ni betri?

SWALI: Mhandisi, hujambo. Nina Nissan Leaf ya mwaka 2014 iliyotoka Japani, ile ya betri ya kWh 24. Ninaishi South B kwenye ploti ya ghorofa na huchaji usiku kwa soketi ya kawaida, ileile laini ya pampu ya maji. Siku hizi nikichaji nasikia harufu ya kuungua, inakaribia ya samaki, na asubuhi huwa imepotea. Tena Jumapili nilitoka kwa wazazi Limuru, ambako nilikuwa nimechaji hadi ikajaa, na nilipoegesha nyumbani nikasikia harufu nyingine kali. Fundi mmoja anasema betri inaungua, niibadilishe. Ni kweli? – Msomaji, South B

JIBU: Usitoe hata shilingi moja ya betri kwanza. Hizo ni harufu mbili tofauti, na kwa ulivyoeleza, sioni hata moja inayoelekea kwenye betri. Betri ya Leaf ikichoka hainuki: kilomita zinazokwenda gari kwa chaji moja zinazidi kupungua, na vile vijiti 12 vya dashibodi vinaanza kupotea kimoja kimoja. Ikiharibika kwa njia ya hatari, haitakupa wiki za kujiuliza. Utaona moshi chini ya gari, utasikia mlio wa kufoka au wa kupasukapasuka, na harufu tamutamu ya thina. Hapo usifungue kitu. Ondoa watu, piga 999 au 112, na useme wazi kwamba ni gari la umeme, maana betri ya lithiamu inaweza kuwaka tena saa nyingi baada ya moto kuzimwa.

Harufu ya samaki ndiyo inayonipa wasiwasi, kwa sababu iko ukutani. Plastiki ngumu ya soketi na plagi ikipata joto kupita kiasi hutoa harufu hiyohiyo. Waya nyingi za kuchaji zinazokuja na Leaf za Japani ni za volti 200 na ampea 15. Zikifika hapa, plagi ya Kijapani inakatwa au inawekewa adapta, kisha waya unachomekwa kwenye soketi yetu ya ampea 13. Utadhani fyuzi itakatika. Wapi! Fyuzi ya 13 hubeba ampea 15 usiku kucha bila kukatika. Inapata moto tu. Soketi hizo huvumilia pasi au birika kwa dakika chache, lakini gari linavuta umeme saa saba, nane mfululizo.

Skrubu ya waya ikilegea kidogo, ukinzani wa omu 0.1 tu unatosha. Kwa ampea 15, hapo panazalishwa joto la wati 22 hivi, karibu sawa na kile kichuma cha mafundi wa redio cha kuyeyushia risasi, na kimefungiwa ndani ya ukuta. Ukishusha ampea hadi 8, joto linabaki wati 6 na kitu, kwa kuwa linafuata mraba wa ampea. Na pampu ikiwaka kwenye laini hiyohiyo, nyaya zinabeba mizigo miwili.

Leo jioni, chaji kwa saa moja ukiwa karibu, kisha weka mgongo wa mkono juu ya plagi. Uvuguvugu si neno. Ukishindwa kuuacha mkono hapo, simamisha chaji upande wa gari kwanza, zima swichi ya ukutani, ndipo uchomoe. Kuchomoa umeme ukiwa unapita kunarusha cheche na kuharibu pini zaidi. Angalia pini iliyo upande wa fyuzi: ikiwa imegeuka kahawia au plastiki yake imevimba, umempata mwizi wako. Mulika pia pini za kichwa kinachoingia kwenye gari na tundu lake. Zikiwa na weusi, kichwa hicho kibadilishwe. Kuzipiga msasa ni kuahirisha tu.

Kubadilisha soketi kwa nyingine ya aina ileile hakutakusaidia kwa muda mrefu. Mwombe mwenye ploti laini ya peke yake kutoka kwenye ubao wa breka: waya wa milimita za mraba 4, breka ya ampea 20, kinga ya kuvuja umeme ya miliampea 30, na soketi ya bluu ya viwandani ya ampea 16. Kazi hiyo ifanywe na fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati), si keateka. Ekstenshen ya kuviringishwa isitumike kabisa. Laini ikisubiriwa, tumia waya wa kuchaji wa ampea 8 au 10, au kituo cha umma chenye kichwa cha CHAdeMO (kile cha chaji ya haraka cha Leaf).

Ile ya Limuru ni breki. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Nairobi kama 1,700, na wewe ulianza kuteremka betri ikiwa imejaa. Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme ambao mota huzalisha gari likiteremka, kwa hiyo mota haikusaidii kupunguza mwendo na pedi zinabeba kazi yote. Siku nyingine ya kuteremka, chomoa chaji ikifika asilimia 80. Hata hivyo pima: ukishafika, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Mbili za mbele zikilingana joto, ni mteremko tu. Moja ikizidi mwenzake sana, kaliper (kile kinachobana pedi) imekwama, jambo la kawaida kwa magari ya umeme kwa sababu breki zake hukaa bila kazi na pini zinashika kutu. Zisafishwe na kupakwa grisi ya breki.

Fundi wako akiendelea kung'ang'ania betri, mwambie aunganishe LeafSpy (app ya simu inayosoma hali ya betri ya Leaf) na akuonyeshe, kati ya jozi 96 za selu, ni ipi iliyoshuka volti kuliko nyingine. Na asiguse nyaya za rangi ya machungwa. Humo mna karibu volti 400.