Mgonjwa wa moyo kapewa Lasix mara mbili: yaliyonikuta mimi wodini

Mdogo wangu wa Iringa, pole. Umesema zamu ya usiku ilimpa mgonjwa wenu wa moyo Lasix, dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo, kabla ya kutoka bila kuandika, zamu ya asubuhi ikakuta chati tupu ikampa tena, na sasa mnalaumiana. Nimeuguza wodi ya wanaume miaka 11 katika hospitali moja ya huku Nyanda za Juu Kusini, nikujibu kwa yaliyonikuta.

Kwetu ilikuwa kinyume chake: chati ilijaa, kazi haikufanyika. Tulikuwa na baba mmoja wa Makete, moyo umetanuka, mapigo hayana mpangilio, anatumia Lasix na digoksini 0.25 mg, dawa ya kupunguza kasi ya mapigo ya moyo. Tulikuwa wauguzi wawili kwa wagonjwa zaidi ya 30. Ili tuwahi, tulisukuma toroli la dawa mpaka kitanda cha mwisho, kisha tukarudi mezani kusaini chati zote kwa mkupuo. Kwenye safu ya mapigo tukajaza 72, 74, 72.

Siku ya tano nikamfikia na kidonge mkononi, akaniuliza, "Sista, leo mmetandika mashuka ya njano?" Mashuka yalikuwa meupe. Uji wake haujaguswa, na beseni la matapishi lipo chini ya kitanda. Nikaweka stetoskopu kifuani, nikahesabu dakika nzima. 44. Kile kidonge nilikirudisha kwenye toroli mikono inatetemeka, nikakimbia kumwita daktari. Digoksini ilikuwa imemzidi. Potasiamu nayo imeshuka, maana Lasix huitoa kwa mkojo, na ikipungua digoksini huwa kali zaidi kwa moyo. Dawa ikasimamishwa, akaongezewa potasiamu, akapata nafuu akarudi kwao. Lakini zile 72 hakuna aliyezihesabu, na saini mojawapo ni yangu. Mpaka leo inaniuma.

Tangu siku ile chati inatembea na toroli. Mgonjwa anameza mbele yako, unasaini hapo hapo, ndipo unasogea kitanda kingine. Digoksini haitoki bila kuhesabu mapigo kifuani dakika nzima. Usitegemee kifundo cha mkono: Juni na Julai huku vidole vya mgonjwa ni barafu na vyako pia, tena mapigo yasiyo na mpangilio mengine hayafiki mkononi. Mapigo ya mtu mzima yakiwa chini ya 60 kwa dakika, usimpe. Andika namba uliyoipata, andika "haikutolewa" na sababu, mwite daktari. Nafasi tupu ndiyo iliyowaponza ninyi, kwa sababu kila anayeisoma anajaza maana yake mwenyewe.

Kingine ni saa, na hili naona watu wanalipuuza sana. Daktari aliwahi kuandika Lasix "8 na 2", akimaanisha saa mbili asubuhi na saa nane mchana. Mwenzetu akaisoma kama tunavyotaja saa sisi, dozi ya pili akaitoa saa mbili usiku. Mgonjwa akawa anaamka kwenda chooni usiku kucha, akaanguka koridoni. Sasa kwenye chati tunaandika 08:00 na 14:00 tu. Kwa mgonjwa na ndugu zake tunasema "saa nane mchana", na mchana lazima itajwe.

Uzito upimwe kila asubuhi kabla ya chai, mzani ule ule. Ndugu wanaomuuguza waelezwe wasimwage mkojo kabla haujapimwa. Wa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, jibu la INR (kipimo cha kasi ya damu kuganda) liandikwe kwenye chati ile ile ya dawa, si kwenye kikaratasi cha maabara kinachopotea.

Ila kwanza huyo wenu. Kama bado hamjamwambia daktari, mwambieni sasa hivi kwamba amepata dozi mbili. Mpimeni presha amelala na akiwa amekaa, ombeni potasiamu iangaliwe leo, na kama yuko kwenye digoksini, mhesabuni mapigo kabla ya dozi inayofuata. Ya nani alikosea mtayazungumza na mkuu wa wodi baadaye. Naomba unijulishe anaendeleaje.