Baba Hataki Kuniozesha kwa Sababu Natembelea Magongo

SWALI: Assalamu alaykum shekhe. Mimi ni mkaazi wa Kisauni, Mombasa, umri wangu miaka 33. Nilipata polio utotoni, mguu wa kushoto hauna nguvu, natembelea magongo. Nashona nguo na najitegemea. Kuna bwana wa dini yake ameleta posa mara mbili, baba amekataa, asema: "Utamtumikia vipi mume?" Shangazi naye asema bwana huyo akinioa atakuwa amenisitiri tu, nisitaraji mapenzi, na huenda nikazaa vilema. Je, baba ana haki? Na naona haya kuuliza, lakini mambo ya chumbani na josho la janaba nitayaweza?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Usione haya. Wanawake wa Kiansari, wenyeji wa Madina, walimuuliza Mtume (s.a.w.) makubwa kuliko haya.

Nianze na hilo neno la shangazi, "amenisitiri", kwani silipendi. Katika Suratul Baqara, aya ya 187, Mwenyezi Mungu anasema wake ni vazi la waume, na waume ni vazi la wake. Nguo ni mbili, si moja. Mwaka mmoja nilisimamia nikaha ya binti kipofu. Khutba haijesha, mzee mmoja nyuma yangu anamnong'oneza mwenziwe: "Kijana huyu kajipatia thawabu." Na kijana mwenyewe nilikuwa namjua, miezi mizima alikuwa hanipi nafasi ya kupumua kwa kumtaja binti yule. Thawabu hakuiwazia hata kidogo.

Ama baba yako, ni walii wako, yaani msimamizi wako wa ndoa, na heshima yake haiondoki, lakini uwalii ni amana. Kwetu Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, aibu zinazompa mtu hiari ya kuvunja ndoa zimehesabiwa vitabuni: wazimu, ukoma, mbalanga, na zile za viungo vya uzazi zinazozuia tendo. Mguu mbovu haumo. Sahaba Amr bin al-Jamuh (r.a.) alikuwa akichechemea sana, naye alikuwa na mke na wana wanne waliopigana pamoja na Mtume. Walii akimzuilia binti mume aliye kufu yake, yaani anayelingana naye, bila sababu ya kisheria, hiyo huitwa adhli, na ni haramu. Aya ya 232 ya sura hiyo hiyo ilishuka sahaba Ma'qil bin Yasar alipomzuia dada yake kurudi kwa mume aliyekuwa amemwacha. Basi tuma kwanza ami zako na imamu wa msikiti wenu wakazungumze na baba. Akishikilia hapo hapo, nenda Mahakama ya Kadhi. Kadhi ana mamlaka ya kukuozesha. Usikimbilie huko kabla ya wazee, ingawa mlango uko wazi.

Kuhusu chumbani. Polio hudhoofisha misuli, haiondoi hisia, wala kwa yenyewe haizuii kuzaa, na mtoto hairithi. Hofu ya shangazi ni ya kale: Mayahudi wa Madina walikuwa wakisema mume akimwendea mkewe kwa upande wa nyuma mtoto atazaliwa na makengeza. Sahaba Jabir (r.a.) amepokea kwamba ndipo iliposhuka aya ya 223 ya Suratul Baqara: "Wake zenu ni konde zenu, basi ziendeeni konde zenu mpendavyo." Maadamu ni mahali pa uzazi na si wakati wa hedhi, mlale ubavu, uketi, uegemee mito, mtakavyopata raha. Mwambie mumeo mguu unauma wapi na hauumi wapi. Hayo ni mazungumzo ya mke na mume, hayana aibu. Nawe una haki ya kustarehe kama yeye. Magongo ameyaona tangu siku ya kwanza, huna la kumficha. Aibu iliyojificha, katika zile zilizohesabiwa vitabuni, ndiyo hupaswa kusemwa kabla ya ndoa.

Na josho: si lazima kusimama. Weka kigoda kipana bafuni, mkeka wa mpira chini, ndoo karibu na mkono, na gongo ukutani lisifikiwe na maji. Mume akikumiminia, hapana ubaya. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba alikuwa akioga janaba pamoja na Mtume kwa chombo kimoja, mikono yao ikipishana humo.

Wallahu a'lam.