Usinunue seva, omba muda ACCESS

Dada, kama modeli yako ya mvua inakesha kwenye laptopu bila kumaliza na msimamizi amesema hana bajeti ya seva, usitoe hela yako. Maadamu unasoma uzamili Marekani, omba ACCESS, mpango wa kuwagawia watafiti muda kwenye kompyuta kubwa za pamoja, unaofadhiliwa na NSF (shirika la serikali ya Marekani la kufadhili sayansi), uliochukua nafasi ya mpango wa awali, XSEDE, mwaka 2022. Ni bure. Anza na ngazi ya Explore, yenye krediti hadi 400,000; mwanafunzi anaomba mwenyewe akiwa na barua ya msimamizi. Eleza kazi yako kwa aya chache, hawataki tasnifu. Hata mhadhiri anayetaka mashine za kufundishia darasa hupitia hapohapo.

Krediti utazibadilisha ziwe muda kwenye mashine unayoichagua, mfano Anvil ya Purdue au Expanse ya San Diego.

Wageni wengi huumbuka hapa: ukiingia, unatua kwenye kompyuta ya mapokezi mnayotumia wote. Usiendeshe modeli hapo, utawakwamisha wenzako na kazi yako itakatwa. Andika skripti fupi ya Slurm, programu inayopanga foleni ya kazi, taja kori (viini vya prosesa), memori na saa unazohitaji, kisha itume kwa amri ya sbatch ikapange foleni. Ukiomba saa 48 kwa kazi ya saa 3 utasubiri sana, kwani kazi fupi ndizo hupenyezwa kwenye mianya ya ratiba. Jaribu kwanza data ya siku moja, siyo miaka 30 (najua unatamani). Matokeo yahamishe mapema. Faili za eneo la hifadhi ya muda mfupi (scratch) hufutwa.