Saa ya kuhesabu hatua: usianze na 10,000

Ndugu yangu unayevunjika moyo kwa kutofika hatua 10,000: namba hiyo ilitokana na jina la kipima hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, si agizo la daktari. Ivae saa yako siku 7 bila kubadili chochote, upate wastani wako. Ukiwa 4,000, weka lengo la 4,500 wiki nzima, kisha ongeza 500 nyengine. Lengo linalofikika ndilo linalokutoa nyumbani. Alasiri ukiona zimebaki 1,500, hizo ni kama robo saa ya mwendo wa haraka. Zungukia uwanja wa Maisara, zimekwisha.

Ivae mkono usioandikia, upana wa kidole juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, isilegee. Ukirudi sokoni Darajani na kikapu, mkono hautikisiki na hatua nyingi hazihesabiwi, kwa hiyo usihuzunike. Kikapu chenyewe ni mazoezi. Ukipanda baskeli, ichague kwenye menyu ya saa kabla ya kuondoka. Chaji wakati unapooga tu, maana saa iliyosahauliwa mezani ndiyo inayoua mazoea. Ukitoka kuogelea baharini, isuuze kwa maji ya bomba, chumvi hula vidoti vya chuma vya kuchajia vilivyo nyuma ya saa.