Kutoa pointi na kufunga mfumo wa elektroniki

Ndugu, umeuliza kama gari lako la zamani linaweza kutolewa pointi (swichi ndogo ya kukata umeme wa koili, ndani ya distribyuta inayogawa umeme kwa plagi) na kufungwa mfumo wa elektroniki bila kubadilisha koili, yaani kifaa kinachokuza volti za plagi. Mara nyingi inawezekana, ila shika mita kwanza. Chomoa waya za koili, pima ukinzani kati ya vichwa viwili vidogo. Ukipata kama omu 3, kwa moduli nyingi (kifaa cha elektroniki kinachoshika nafasi ya pointi) hiyo inatosha. Ikiwa karibu na 1.5, huenda gari lina resista ya kupunguza umeme, na hapo ndipo wengi wanapoharibu kazi: waya mwekundu wa moduli wanauunga baada ya resista, moduli inakosa volti 12 kamili, gari linawaka kwa shida. Uchukue kwenye swichi, kabla ya resista.

Hakikisha pia ni upande gani wa betri umefungwa kwenye bodi. Magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1960 yana chanya kwenye bodi, na moduli ya magari yenye hasi kwenye bodi itaungua papo hapo.

Kisha shika rota, ile inayozunguka juu ya shafti ya distribyuta, itikise kushoto na kulia. Shafti ya distribyuta ikicheza, pointi si tatizo lako, tengeneza hiyo kwanza.

Waya za plagi zenye shaba tupu ndani zitoe, zinavuruga moduli. Ukimaliza, seti taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) upya kwa taa yake. Usiache swichi imewashwa injini ikiwa imezimwa. Pointi na kondensa za zamani? Mimi ningeziweka kwenye buti, pamoja na bisibisi.