Wape wachawi wako sanduku la kugombania

Mdogo wangu, nimekuelewa: riwaya yako ya wachawi wa leo hapa Dar imekwama sura ya sita, kila kikao cha kilinge, yaani kundi lao la siri, ni maneno matupu, na mama anaogopa watu watakusema vibaya.

Anza na ugomvi. Siasa za kundi mimi nilizijulia kwenye kikoba chetu Temeke, kikundi cha kuweka na kukopa. Sanduku lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, hakuna anayefungua peke yake. Siku moja mshika ufunguo mmoja hakuja na simu haipatikani. Tulikaa mkekani hadi magharibi tukilitazama sanduku, na urafiki wa miaka ukafia palepale. Kilinge chako nacho kipe kitu cha hivyo: tunguri moja (kibuyu cha dawa), funguo tatu. Utaona mwenyewe nani anamtaka nani aondoke uenyekiti. Ungo wa kurukia si lazima. Mchawi aliyebanwa mlangoni mwa basi la mwendokasi Kimara asubuhi tunamwamini zaidi.

Hofu ya mama ina msingi. Tafadhali, mchawi wako asiwe bibi mwenye macho mekundu. Nchi hii vikongwe wameuawa kwa macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni tu, na inaniuma kila nikikutana na bibi huyo vitabuni. Wala usimchore jirani: chini ya Sheria ya Uchawi, ya tangu 1928, kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa. Mhusika akifanana na mtu halisi, mwonyeshe mwanasheria mswada kabla ya kuchapa.